Chai Iliyoninyima Damu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ambayo mama mkwe wangu aliufungua upindo wa leso yangu mbele ya wazee wa boma, na mawe yakaanguka chini. Hayakuwa mawe ya kujengea. Yalikuwa yale mawe laini ya kijivu ambayo Wajaluo huyaita odowa, yanayouzwa kwa mafungu pale sokoni Kibuye, na wanawake wenye mimba huyatafuna kama wengine wanavyotafuna karanga. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ingawa kwa jinsi nilivyokuwa nikiila hiyo ardhi, ilikuwa zamu yake.

Acha nianzie nyuma kidogo. Najua nyinyi vijana mnapenda hadithi ifike kabla haijaondoka, lakini mimi ni mzee na mzee hakimbizwi.

Mimi si mzaliwa wa ziwani. Nimetoka upande wa Bungoma, jina langu Nafula, na nilikuja Kisumu kumsaidia shangazi yangu kuuza mitumba Kibuye. Hapo ndipo Ouma aliponikuta. Alikuwa fundi wa kuunda mashua, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Alikuja kununua shati moja, akawa anarudi kila wiki kununua jingine, mpaka shangazi akamwambia kama ni shati anataka amekwisha kupata, na kama ni msichana aende akalete wazee. Akawaleta. Nikaolewa kwao, karibu na Luanda Kotieno, pale feri ya kwenda Mbita inapotia nanga.

Mama yake aliitwa Mama Awuor. Alianika omena, wale dagaa wa ziwani, na kuziuza, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jua lililozianika. Kijaluo changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa nyumba iliyojengwa bila fundi. Jina langu hakulitumia. Aliniita Nyar Mwa, binti wa wageni, mwanzoni kwa kunipima, baadaye kwa mapenzi.

Sasa, Ouma alikuwa na kosa moja machoni pa watu. Alijenga nyumba yake bomani kabla ya kaka yake mkubwa kujenga. Kwa Wajaluo mkubwa hujenga kwanza, mdogo hufuata, na anayeruka mpangilio huo hujitafutia chira, yaani balaa la kuvunja mwiko, ambalo humkondesha mtu au mkewe au mtoto wake mpaka aishe. Kaka mwenyewe alikuwa akifanya kazi Nairobi, hakuwa na haraka ya kujenga, na alimpa Ouma ruhusa kwa mdomo. Lakini ruhusa ya mdomo jirani haioni. Nilipoanza kudhoofika, watu hawakupata taabu ya kutafuta sababu.

Na nilidhoofika kweli, mwanangu. Nikitoka ufukweni kupanda nyumbani, nilisimama njiani kuvuta pumzi kama bibi kizee. Moyo ulidunda hata nikiwa nimekaa. Viganja vyangu vilipauka. Na juu ya yote nilikuwa na ile tamaa ya mawe, tamaa ambayo asiyeijua hawezi kuielewa. Unasikia harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, mate yanakujaa mdomoni. Niliyafunga kwenye upindo wa leso na kuyatafuna nikiwa peke yangu, na mtu akija nilimeza haraka na kujifanya nafikiri.

Kliniki ya pale ufukweni nilihudhuria, usidhani nilikuwa mjinga kiasi hicho. Sista, mkunga wa pale, alinichoma kidole, akanifungua ukope, akasema damu iko chini. Akanipima malaria, akanipa dawa ya minyoo, na juu yake vidonge vya kuongeza damu. Nilivimeza vyote. Niliporudi tena, damu bado chini. Niliporudi mara nyingine, chini zaidi. Sista akaninong'oneza, kwa upole wa mtu mwenye wasiwasi, kwamba mambo yakikaa hivyo hatakubali nijifungulie pale, nitapelekwa hospitali kubwa Kisumu, na nimuombe Mungu uchungu usinianze usiku barabara ikiwa imejaa matope. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Ndipo Mzee Oloo alipoita kikao. Huyu alikuwa ndugu yake marehemu baba mkwe wangu, na neno lake bomani lilikuwa zito. Usimwone kuwa mtu mbaya. Mke wake wa kwanza alifia kwenye uzazi, naye tangu siku hiyo hakutaka kuona mwanamke mwenye mimba akiyumba. Akasema hii ni chira wazi wazi. Nyumba ya Ouma ibomolewe, Ouma ahamie soko lolote akapange chumba mpaka kaka yake ajenge, na mimi nirudishwe Bungoma nikajifungulie kwa mama yangu, nisije nikafia kwao. Ouma alikaa ameinamisha kichwa. Yule mtu wa kuunda mashua ya kubeba watu kumi na samaki wao alishindwa kuunda sentensi moja.

Mama Awuor alikuwa amesimama mlangoni. Wanawake hawakuwa wameitwa kwenye kikao, lakini hilo halikuwahi kumzuia. Akaja moja kwa moja hadi nilipokaa, akaushika upindo wa leso yangu, akaufungua.

"Mzee Oloo, wewe unatafuta chira kwa nyumba," akasema. "Angalia huku kwa leso! Mtoto wa watu anakula mawe, na nyinyi mnauliza mbona iko dhaifu. Yawa!"

Shuleni nilifundishwa kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Siku hiyo methali ile niliiona kwa macho, imetawanyika miguuni pangu.

Mzee Oloo akasema mawe ni ya wanawake wote, kila mwenye mimba hula, na si wote wanaodhoofika. Na hapo, mwanangu, alikuwa na hoja. Mama Awuor naye hakubishana. Alimwomba kitu kimoja tu, wangoje mpaka nirudi tena kliniki, safari hii naye akiwepo. "Nikishindwa, shoka nitawaletea mimi mwenyewe," akasema. Wazee wakakubali, nadhani kwa sababu walichoka kumsikiliza.

Aliniingiza ndani. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake alikaa kitandani kwangu, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo meno yamenipungua.

"Nyar Mwa, mwili ikilia unaiuliza inalilia nini. Wewe unaiziba mdomo na jiwe. Hiyo si kunyamazisha, hiyo ni kuzika."

Tulienda kliniki pamoja. Sista aliuliza maswali yake ya kawaida, kama ninameza vidonge, nikasema nameza. Akauliza navimeza na nini. Nikasema na maji. Nilisema hivyo kwa sababu niliona ndilo jibu ambalo watu wa kliniki hulipenda, na kwa sababu niliona si jambo kubwa.

"Muongo!" Mama Awuor akaruka. "Sista, huyu hajui maji. Ni chai. Asubuhi chai, akikula ugali anateremsha na chai, dawa nayo na chai. Chai kali namna hiyo mpaka kikombe inabadilika rangi!"

Ilikuwa kweli. Kwetu Bungoma nilikulia kwenye chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikawa nyekundu, na vile vidonge vilikuwa na harufu ya msumari wenye kutu. Chai ndiyo pekee iliyoniwezesha kuvimeza bila kutapika. Nilingoja Sista anigombeze. Hakunigombeza. Alishusha pumzi ndefu, akamshukuru Mama Awuor, akasema sasa mwizi amepatikana.

Akatueleza polepole, nasi tukamsikiliza kama watu wanaosomewa wosia. Damu haiwi damu bila madini ya chuma. Mwili unakihitaji kwa kiasi kidogo sana, kidogo hata ungekiweka kwenye kiganja usingekiona, lakini kikikosekana damu haina cha kubebea hewa, na ndiyo maana mtu anahema akipanda kilima. Sasa ndani ya majani ya chai mna kitu kinachokikamata chuma tumboni kabla mwili haujakichukua. Maziwa nayo husaidia kukizuia. Ule udongo nao hukamata chuma hivyo hivyo, tena unaweza kubeba mayai ya minyoo, na hata risasi, yaani madini yenye sumu ambayo mtoto tumboni hayawezi. Na mara nyingi anayetamani udongo ni yule yule aliyepungukiwa na chuma. "Kwa hivyo unakula mawe kwa sababu huna chuma, na unakosa chuma kwa sababu unakula mawe," akasema. Nilikuwa mbwa anayefukuza mkia wake.

Mama Awuor, ambaye hakuwa mtu wa kukaa mahali bila kutaja biashara yake, akauliza, "Na omena je?" Sista akasema omena ni hazina, mradi iliwe nzima, na kichwa chake. Mama mkwe wangu akanigeukia taratibu. Mimi, mgeni wa ziwa, nilikuwa nikizikata omena vichwa kwa kuogopa uchungu wake, nikiwatupia kuku.

"Umesikia?" akasema. "Kuku yako iko na damu kuliko wewe."

Lakini naye hakutoka bila somo. Sista alimuuliza chumvi anayotilia mboga. Mama Awuor alikuwa akitumia chumvi ya mawe ya magunia, ile ile anayohifadhia samaki. Akaambiwa ya jikoni inunuliwe ile ya pakiti iliyotiwa iodini, ifunikwe vizuri, na itiwe mboga ikikaribia kuiva, kwa maana iodini hupotea kwenye moto na hewa. Iodini ndiyo inayolisha tezi ya shingo, na mtoto akiikosa tumboni huenda akazaliwa na akili nzito. Baadaye njiani Mama Awuor aliniambia kwamba shangazi yake, aliyeolewa mbali milimani, alikuwa na uvimbe shingoni mkubwa kama papai, na watu walisema amerogwa. "Kumbe ilikuwa chumvi," akasema. Hakurudia tena kuinunua ya gunia kwa ajili ya chungu.

Basi utawala mpya ukaanza. Sufuria yangu ya chai ilihamishiwa nyumba ya mama mkwe. Sikukatazwa kabisa, niliruhusiwa kikombe kimoja katikati ya mchana, mbali na chakula na mbali na dawa. Siku za mwanzo kichwa kiliniuma mpaka nikamchukia. Ouma, maskini, kwa huruma yake alininyemelezea chupa ya chai chini ya koti. Mama yake aliinusa kabla hajavuka uwanja. Hakupiga kelele, alimtazama tu, na lile jitu la mikono mikubwa likageuka na chupa yake.

Nilimeza dawa kwa maji, na nusu ya ndimu imekamuliwa ndani, kwa maana Sista alisema uchachu wa tunda hukisaidia chuma kuingia. Nilikula omena na macho yake, zimekaangwa na nyanya. Nilikula mnavu uliochanganywa na saga, ile mboga chungu ya kienyeji, maharagwe, ugali wa mtama na wimbi, na maini siku mashua ikiuzwa. Mboga na samaki kwenye sahani moja, aliniambia Sista, kwa sababu samaki hukivuta chuma cha mboga. Tamaa ya mawe haikuondoka kwa amri. Kuna siku nilikalia mikono yangu. Halafu mvua ikanyesha jioni moja kwenye uwanja mkavu, harufu ikaja, na mate hayakunijaa. Nilicheka peke yangu, Ouma akadhani nimechanganyikiwa.

Siku ya kliniki iliyofuata ilipofika, Mzee Oloo, aliyekuwa amekubali kungoja hadi hapo, alikuja mwenyewe, akakaa nje kwenye benchi la akina mama na fimbo yake. Sista alinichoma kidole. Damu ilikuwa imepanda. Haikuwa imefika, lakini ilikuwa imeanza safari, na Sista alisema tukiendelea hivyo nitajifungulia pale pale. Mama Awuor alitoka nje kabla yangu.

"Chira imekunywa maji ya ndimu," akamwambia shemeji yake, "imepona."

Mzee Oloo aliinuka kwa fimbo yake. Kisha akasema nyumba isimame, lakini yule kaka mkubwa aje likizo ijayo achimbe angalau msingi wake, ili mpangilio urudi mahali pake. Mama Awuor akakubali papo hapo. Nataka uliangalie hilo, mwanangu. Mimi sidharau mila za watu. Ile ya mkubwa kujenga kwanza imewazuia ndugu wengi kugombania ardhi. Ila mila hiyo haikuumbwa kufanya kazi ya chuma, na chuma hakiwezi kufanya kazi ya mila. Kila mmoja na zamu yake.

Achieng alizaliwa adhuhuri, jua likiwa kichwani, pale pale kliniki. Alilia vizuri. Lakini kondo la nyuma lilipotoka, damu nayo ilitoka, ikazidi, na nikaona nyuso za watu zikibadilika. Sista na mwenzake walinishughulikia kwa haraka, dawa ya sindano, mikono tumboni. Mama Awuor alinishika kichwa, midomo yake ikienda kwa sala. Nilisikia baridi hadi kwenye mifupa. Kisha damu ikasimama. Baadaye Sista alikaa karibu nami, akaniambia, "Mama, ungeingia hapa na ile damu ya mwanzo, haungekuwa na ya kumwaga."

Jioni walimruhusu Mzee Oloo aje kuona mtoto. Alisimama mlangoni, akanikuta nimekaa, nimeegemea ukuta, nakunywa uji na kunyonyesha. Hakumtazama mtoto kwanza. Alinitazama mimi. Machozi yakamtoka yule mzee mzito wa maneno, akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ndogo, na Kijaluo changu wakati huo kilitosha kuelewa: "Wangu hakuwahi kukaa hivi."

Tangu siku hiyo, kila msichana aliyeolewa katika boma lile na akashika mimba, Mzee Oloo ndiye aliyemuuliza wa kwanza, mbele ya watu bila haya, dawa anameza na nini.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana haya sikukusimulia ili ucheke tu. Mwili wako hauombi makubwa. Haba na haba hujaza kibaba, na katika damu yako haba yenyewe ndiyo kibaba. Chuma kidogo, iodini chembe tu, shaba kidogo, zinki kidogo ambayo hufunga kidonda, humpa mtoto hamu ya kula na kumrefusha, na ndiyo maana mtoto akiharisha siku hizi hupewa maji ya chumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki. Vitu hivi huvioni wala huvionji, na kwa sababu huvioni unavidharau. Usidharau. Kula samaki mdogo kwa mifupa yake, kula mboga za kienyeji ambazo bibi yako alizichuma nyuma ya nyumba, na chai yako uipe muda wake mbali na sahani. Wala usiende upande wa pili ukajaza poda na vidonge unavyouziwa kwenye simu na mtu usiyemjua. Chuma kikizidi ni sumu, na mtoto mdogo akimeza vidonge vya mama yake anaweza kufa. Viweke juu. Pimwa kwanza, upewe unachopungukiwa.

Na ukiulizwa unakula nini, unakunywa nini, usijibu kile unachodhani mwulizaji anataka. Mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa na dawa mkononi, mkunga mwema mbele yangu, na mume anayenipenda, na bado ningekufa kwa neno moja dogo, "maji."

Mungu akupe mwili usio na siri kwako, na mtu jasiri wa kukusema unapojisingizia. Akupe damu ya kukutosha wewe, na ya kumgawia utakayemzaa. Nawe siku yako ikifika, wakukute umekaa.